SOMO LA ROBO HII: Sukari Tusiyoiona Mezani Petu



Somo hili halikuwamo katika mpango kazi wa mwaka. Robo hii tulipaswa kuendelea na majiko banifu, na wale walioandika kuulizia vipimo vya bomba la moshi watuvumilie mpaka toleo lijalo. Kilichobadilisha ratiba ni habari ya mzee mmoja wa kanisa, wa usharika wa milimani, aliyeanguka msibani. Ameturuhusu kuieleza habari yake mradi jina lisitajwe, na amesomewa makala haya kabla ya kuchapwa.

Mzee huyu ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka kadhaa sasa. Mapema mwaka huu alihudhuria semina yetu ya diakonia, akasikia kwamba ugali, wali na chapati vikishaliwa hugeuka kuwa sukari katika damu. Yeye ni mtu wa neno moja. Alirudi nyumbani akaviacha vyote siku hiyohiyo, na sukari ya chai akaiacha pia. Mke wake alidhani amechukizwa na mapishi. Wajukuu walishangaa kumwona babu anakula mchicha na samaki bila kitu cha kusindikizia. Alivumilia miezi mitatu, na kila siku ya kliniki alipopimwa alikuta 13, mara 14. Mganga akamwuliza, "Mzee, sukari umeacha?" Akajibu, "Nimeacha kabisa, na ugali nimeacha." Alisema kweli kwa jinsi alivyoijua. Basi, kwa kuwa chakula kilikwisha kupunguzwa na kipimo hakikushuka, dozi ya glibenklamidi ikapandishwa kutoka kidonge kimoja hadi viwili. Sioni wa kulaumiwa hapo. Mganga hutibu kwa kile anachoambiwa na kwa kipimo anachokiona.

Wiki chache baadaye mzee alisafiri kwenda kumzika shemeji yake. Msibani alikaa siku mbili. Vidonge alimeza kama kawaida, ubwabwa aliukataa kama kawaida, akala nyama na kabichi. Alasiri ya siku ya pili alianza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Waliokuwa karibu walisema ni uchungu wa msiba. Wengine walianza kuhisi mambo mengine. Bahati njema jirani wa wafiwa ni muuguzi mstaafu mwenye kipima sukari nyumbani. Kilisoma 2.3. Chini ya 4 ni hatari tayari. Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, hivyo wakamkorogea maji ya sukari haraka, kisha wakampeleka hospitali, akalazwa usiku ule, maana dawa aliyokuwa akitumia hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Swali lililotusumbua ofisini ni hili: nyumbani alikuwa hali ugali, na msibani hakula ugali. Vidonge vilevile. Kwa nini nyumbani asome 14 na msibani asome 2.3?

Daftari la wiki moja

Mdiakonia wetu alikwenda kumtembelea, akakaa na mke wake jikoni, akamwachia daftari. Waliombwa waandike kila kitu kinachoingia kinywani kwa wiki moja, hata dawa ya kikohozi, bila kuambiwa kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Daftari liliporudi tulilisoma wote, na mimi niliyekuwa mwalimu wa semina ile niliona haya.

Asubuhi mzee alikunywa kikombe kikubwa cha uji wa lishe, ametia asali vijiko viwili vya mezani, kwa kuwa "asali siyo sukari, ni dawa." Saa nne alikunywa glasi ya juisi ya boksi iliyoandikwa haina sukari iliyoongezwa. Mchana alikula mboga na samaki, na ili vishuke vizuri bila ugali akawa anamimina sosi ya nyanya ya chupa. Usiku, badala ya chakula, alikunywa mtindi wa ladha ya vanila. Na siku za vikao, ambazo kwa mzee wa kanisa hazikosekani, alikataa soda kwa uaminifu akaomba kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, kwa kuwa kinasifiwa kujenga mwili.

Sasa tuhesabu pamoja. Gramu 4 za sukari ni kijiko kimoja cha chai. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, hivyo vijiko viwili vya mezani vina takriban gramu 32, yaani vijiko 8 vya chai. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya matunda, hata iliyo halisi, ina gramu 25 hivi: vijiko 6. Sosi ya nyanya hubeba karibu kijiko kimoja cha chai cha sukari katika kila kijiko cha mezani; yeye alikuwa akitia viwili. Mtindi wa ladha wa mililita 250 una takriban gramu 30, ambazo kama gramu 12 ni sukari ya asili ya maziwa na zilizobaki zimeongezwa kiwandani: vijiko 7 kwa jumla. Hapo tumefika 23. Siku ya kikao ongeza chupa moja ya kimea, vijiko 8 hivi. Jumla 31, na kibuyu cha sukari hakijafunguliwa.

Tena hapo hatujahesabu unga wenyewe wa uji. Gramu 50 za unga mchanganyiko zina takriban gramu 35 za wanga, hata usipotia kitu.

Msibani vyote hivi havikuwepo. Kulikuwa na maji, nyama, kabichi na vidonge viwili. Vidonge vile vilikuwa vimepandishwa ili kupambana na vijiko thelathini ambavyo hakuna aliyejua kwamba vipo. Vilipofika mahali pasipo na sukari hiyo vikamshusha mwenyewe. Ndiyo maana nasema sukari iliyojificha haimdanganyi mgonjwa peke yake. Humdanganya na mganga, na mwisho hupotosha dozi. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za mtindi wa vanila, lakini wangeuelewa.

Wanga kidogo maana yake nini?

Maswali juu ya mlo huu yameongezeka sana katika sharika. Wengi wamemsikia Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo ambaye tangu 2025 ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, akihimiza Watanzania wapunguze sukari na vyakula vya wanga. Sababu ya kuhimiza ipo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Nacho Chama cha Kisukari cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2019 kuhusu lishe, kilikubali kwamba kupunguza wanga ni njia yenye ushahidi mwingi wa kushusha sukari ya damu.

Kwa kawaida mlo huitwa wa wanga kidogo unapokuwa chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Wapo wanaoshuka chini ya 50, lakini huo ni mlo mkali na hauanzwi bila mtaalamu. Ili upate picha, ugali wa gramu 150 za unga wa mahindi, ambao mkulima anaumaliza bila kutoka jasho, una zaidi ya gramu 110. Yaani sahani moja inakaribia kumaliza fungu la siku nzima. Daktari mmoja wa Southport, Uingereza, David Unwin, alitengeneza chati zinazowaonyesha wagonjwa wake athari ya chakula kwa kuilinganisha na vijiko vya chai vya sukari. Kwa chati yake, gramu 150 za wali wa basmati uliochemshwa hupandisha sukari ya damu sawa na vijiko 10. Haina maana kwamba mpishi ametia sukari. Ni namna ya kumwonyesha mtu kile damu inachokiona.

Hapa ndipo semina yetu ilipopungukiwa. Tulifundisha wanga unaoonekana, ule wa sahani na mwiko, na watu waliuacha. Aliyeacha ugali anabaki na njaa na hamu ya utamu, na duka lipo mlangoni likiwa na vitu vyenye sifa ya afya. Anaziba pengo la ugali kwa vitu hivyo bila kujua.

Vyakula vyenye sifa njema

Asali nimekwisha kuisema, lakini nairudia kwa sababu ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa. Asali yetu ya Tabora na Singida ni bidhaa nzuri na baadhi ya vikundi vyetu vinafuga nyuki. Sitaki mtu aseme mratibu anaua soko. Kwa mtu mzima mwenye afya kijiko kimoja hakina neno. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali na juisi za matunda katika fungu moja na sukari ya mezani. Fungu hilo, kwa mtu mzima, lisizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12, na ni vyema zaidi likibaki chini ya 25. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo, wala sukari ya asili ya maziwa. Ukila chungwa utatosheka na moja au mawili, nyuzinyuzi zikiwemo. Glasi moja ya juisi huhitaji matatu au zaidi, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio.

Juisi za nyumbani nazo zisisahaulike. Ukwaju, rosela na ubuyu ni vikali, na mpishi hupambana na ukali kwa sukari. Katika jiko la semina moja nilimwona mama akitia vikombe viwili vya sukari kwenye jagi kubwa, kisha akaonja akaongeza. Nilipomwuliza akasema, "Baba, bila hiyo wageni hawatakunywa." Alisema kweli.

Unga wa lishe ni mzuri kwa mtoto anayekua na kwa aliyedhoofika, na mradi wetu wenyewe umeugawa kwa miaka mingi. Kwa mwenye kisukari ni uji wa wanga kama uji mwingine, na mara nyingi una mahindi, mchele na ulezi kuliko soya na karanga. Mtori uko hivyohivyo: mzazi anauhitaji, mgonjwa wa sukari anapaswa kuuhesabu. Ndizi mbivu ina sukari zaidi na mbichi ina wanga zaidi, lakini zote zinafika kwenye damu.

Mkate wa rangi ya kahawia si lazima uwe wa ngano isiyokobolewa. Rangi inaweza kutiwa. Biskuti zilizoandikwa ni za wenye kisukari bado ni unga wa ngano. Unga wa kakao na kimea wa kutia kwenye maziwa mara nyingi una sukari nyingi kuliko kakao. Siagi ya karanga ipo yenye karanga na chumvi tu, na ipo yenye sukari, zote kwenye rafu moja. Dawa za maji za kikohozi nyingi zimetengenezwa kwa sukari, hivyo mwambie muuza dawa mapema kwamba una kisukari, atakutafutia nyingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wa bodaboda wanavinywa kama maji, mara nyingi havitofautiani sana na soda kwa sukari.

Kuna mama aliyeuliza kwa unyenyekevu kama divai ya Meza ya Bwana imo katika hesabu hii. Hapana, mama. Funda lile ni dogo mno.

Kusoma pakiti

Zoezi hili lifanyike kwenye kikao, si kusomwa tu. Kila mwanakamati alete pakiti, boksi au chupa tupu ya kitu anachotumia nyumbani. Pawepo kilo moja ya sukari, kijiko cha chai na glasi za kioo.

Kwanza tafuteni orodha ya viambato. Kwa kanuni za kimataifa za chakula, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikianza. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, mmepata jibu. Lakini viwanda vingine hutumia sukari za aina tatu kwa majina matatu, na kila moja, kwa kuwa ni kidogo peke yake, hushuka chini kwenye orodha. Kwa lebo za Kiingereza kumbukeni kwamba neno linaloishia na herufi o-s-e kwa kawaida ni sukari: ndivyo zilivyo sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi na maltosi. Neno syrup nalo ni sukari. Molasi, asali na juisi iliyokolezwa ziko humohumo. Maltodekstrini haina utamu mkubwa na mara nyingine haihesabiwi kama sukari kwenye jedwali, ila hupandisha sukari ya damu haraka.

Kisha someni jedwali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu namba inaweza kuwa ya gramu 100 au mililita 100, siyo ya chupa nzima. Chupa ya mililita 500 iliyoandikwa gramu 11 haina gramu 11, ina 55. Gawanyeni kwa 4: karibu vijiko 14. Mmoja wenu apime vijiko hivyo kwenye glasi mbele ya wote. Katika usharika mmoja tulipofanya hivyo katibu alinyamaza, kisha akaomba tupime upya maana alidhani tumekosea.

Kwa mtu wa wanga kidogo msitari wa sukari hautoshi. Aangalie msitari wa wanga wote, kwa kuwa unga wa biskuti haumo kwenye msitari wa sukari. Jambo moja dogo la kitaalamu: lebo za Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, hivyo unaweza kuzitoa, lebo za Ulaya zimekwisha kuzitoa, ukizitoa tena unajipunja. Madukani kwetu zipo za aina zote mbili.

Vidonge vya kutia utamu badala ya sukari vinaulizwa sana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Maoni yangu ni kwamba vinaweza kumsaidia mtu kuvuka miezi ya kwanza. Chai yangu niliishusha kutoka vijiko vitatu hadi sifuri kwa kupunguza nusu kijiko kila wiki mbili, na sasa chai ya tangawizi isiyo na kitu naiona ina ladha kuliko ile ya zamani.

Kabla hujaacha chochote

Mtu anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamidi au dawa za kundi lake, asipunguze wanga wala sukari iliyojificha kabla hajazungumza na mganga wake, kwa sababu dozi itahitaji kushushwa siku hiyohiyo chakula kinaposhuka. Metfomini peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo, lakini aulize pia. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye kisukari cha aina ya kwanza wasianze mlo huu kwa kusoma jarida.

Na msitupe sukari yote nyumbani. Mgonjwa anayetetemeka, anayetoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, kama anaweza kumeza, apewe vijiko 4 vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe kama haijapanda, kisha ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Soda ninayoipiga vita katika makala haya ndiyo inayoweza kumwokoa mtu siku hiyo.

Liko jambo jingine ambalo sisi watu wa miradi tunapaswa kulisema wazi. Kaya ambayo ghalani ina mahindi peke yake haiwezi kuambiwa iache mahindi. Huko tunafundisha kupunguza tonge, kuongeza maharage na dagaa, kuanza na mboga za majani ndipo ugali. Mnafu, mchicha, majani ya maboga na kisamvu vipo karibu kila bustani, na parachichi msimu wake huoza chini ya miti. Mlo wa wanga kidogo unaonunuliwa dukani ni wa watu wenye fedha. Unaotoka shambani unawezekana kwa wengi.

Mzee wetu alirudi kliniki na daftari lake. Mganga alilisoma lote, akashusha dozi hadi kidonge kimoja siku ileile aliyomwagiza aache asali, juisi na mtindi wa ladha. Akaambiwa apime kila asubuhi kwa wiki mbili, na muuguzi mstaafu aliyemwokoa akamwazima kipima sukari. Sasa anasoma kati ya 7 na 8 kabla ya kula. Mtindi anakunywa, lakini ni maziwa ya kugandisha ya ng'ombe wake. Nusu ya ugali ameirudisha mchana, na mke wake amefurahi. Mfukoni mwa koti hubeba kikopo kidogo cha sukari ambacho mjukuu amekiandika kwa kalamu nene: YA KUTETEMEKA TU, SI YA CHAI.

Meza ya kamati

Nimeacha la mwisho lile linalonihusu. Kinywaji cha kimea kwenye daftari la mzee kilitoka katika vikao vyetu. Mimi ndiye ninayesaini fungu la viburudisho. Kamati ya watu 12 inayokutana kila mwezi na kumpa kila mtu soda moja ya mililita 350 huwanywesha zaidi ya kilo 5 za sukari kwa mwaka, na bado hatujahesabu maandazi, semina, mapokezi ya wageni na ibada ya mavuno. Tumekuwa tukifundisha juu ya kisukari chumba cha mbele huku kreti zikishushwa mlango wa nyuma.

Tulijaribu kubadilisha katika sharika tatu: mayai ya kuchemsha, karanga, matango, parachichi, chai ya tangawizi, na sukari iwe pembeni atie anayetaka. Haikupokelewa vizuri mwanzoni. Mwanakamati mmoja aliuliza kama fedha ya chai imeliwa na mratibu. Kumpa mgeni maji kwetu ni kama kumwambia hujamtarajia, na sidhani barua ya ofisi itaondoa hisia hiyo. Usharika mmoja ulipata njia: mama wa jikoni hutokea mwenyewe, anamkaribisha kila mtu kwa jina, anamweleza amepika nini na kwa nini. Huko sasa hawaulizi soda. Wa pili umerudi kwenye soda. Wa tatu unachanganya.

Kwa marafiki wanaochangia nina ombi moja la kihasibu. Kwa bei za huku kwetu yai la kuchemsha ni nafuu kuliko soda. Lakini soda ina risiti ya duka, na mama anayeuza mayai na karanga sokoni hana risiti. Mkaguzi anapokuja, kreti inapita na mayai yanahojiwa. Nimewahi kuwashauri wahazini wanunue soda ili hesabu zikae sawa, na ushauri huo naujutia. Tunaomba fungu la viburudisho likubaliwe kwa hati ya malipo yenye jina na sahihi ya muuzaji na sahihi za wanakamati wawili, kwa kiwango ambacho tutakubaliana. Rasimu ya hati hiyo itatumwa pamoja na taarifa ya fedha ya robo hii. Na mgeni mwenye kisukari, tafadhali atuambie katika barua ya safari. Tumewahi kumkaribisha mtu soda mbili akazinywa kwa heshima, tukajua baadaye.

Pakiti za zoezi zisitupwe baada ya kikao. Kila usharika uzifungashe na kuzileta kwenye semina ya robo ijayo, zikiwa zimeandikwa idadi ya vijiko kwa nje.